Nimewafukuza kwa karafuu, siki na mafuta ya taa. Mbona sisimizi wanazidi?

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Tabata, tumepanga vyumba viwili na jiko letu liko koridoni. Tangu mvua zianze, sisimizi wamenishinda. Ni wadogo sana, wa rangi ya njano inayoelekea kahawia. Wanatoka nyuma ya swichi kwa mstari mpaka kwenye kabati la vyombo, na siku nyingine nawakuta hadi kwenye neti ya mtoto. Nimeweka karafuu, nimepangusa kwa siki na ndimu, nimemwaga chumvi, nimepiga dawa ya kopo. Wanapotea siku mbili halafu wanarudi wengi zaidi, na sasa wameingia hata chumbani. Jirani kanishauri nipake mafuta ya taa kwenye kona, nikapaka wiki iliyopita. Mwingine kaniletea ile chaki ya mende. Nina mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, kila anachookota anakitia mdomoni. Je, ipo dawa ya nyumbani ya kuwamaliza kabisa isiyomdhuru mtoto? Halafu mama mkwe anasema sisimizi wakijaa chooni palipokojolewa, ujue humo ndani kuna mwenye kisukari. Tangu aseme hivyo mume wangu hana raha. Ni kweli?"

Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa vizuri. Hutaki sisimizi wapungue wiki hii na kurudi wiki ijayo, unataka waishe, tena bila kumweka mtoto hatarini. Hilo linawezekana, ila kwa njia iliyo kinyume na uliyokuwa ukiifuata. Mpaka sasa umekuwa ukiwafukuza, na sisimizi wa aina hii hawaishi kwa kufukuzwa. Inabidi uwaache wale kwa muda, wabebe wenyewe kitakachowamaliza mpaka kwa malkia wao. Nitakueleza kwa nini ni hivyo, kisha tutafika kwenye dawa yenyewe, na swali la mama mkwe nalo nitalijibu kwa kirefu kwa sababu lina ukweli ndani yake.

Lakini kwanza kabisa, mtoto. Leo hii, kabla hujalala, chukua maji ya vuguvugu na sabuni uoshe kila kona uliyopaka mafuta ya taa, ufungue madirisha, na chupa ya mafuta yaliyobaki uiweke juu kabisa mahali pa kufungwa. Hatari kubwa ya mafuta ya taa kwa mtoto haiko tumboni, iko kifuani. Ni mepesi na yanateleza, kwa hiyo akiyameza kidogo tu, akapaliwa au akatapika, yanaingia kwenye mapafu na kumletea homa ya mapafu mbaya sana. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi wala halazimishwi kunywa maziwa. Anakimbizwa hospitali, hata kama anaonekana mzima. Na hayo mafuta kwenye kona za nyumba ya kupanga, yenye waya za umeme na jiko koridoni, ni kuukaribisha moto.

Ile chaki nayo iondoe. Ndani yake mna sumu ya wadudu, mara nyingi ya jamii inayotengenezwa viwandani kwa kuiga pareto. Mtu mzima akichora mstari nyuma ya kabati anajua alichochora. Mtoto anayetambaa anaona chaki tu, anailamba. Marekani ni kosa kuiuza chaki hiyo, na sababu mojawapo ni kwamba watoto huidhania chaki ya kuandikia. Ifunge kwenye mfuko, uitupe kwenye taka ambazo mtoto hazifikii, usiitupe mtaroni. Vivyo hivyo zile dawa zinazouzwa barabarani na wanaopita na spika, dawa ya mende, kunguni na panya, zikiwa zimepimwa kwenye chupa za maji ya kunywa zisizo na lebo. Nawaelewa wanaozinunua, maana ni za bei nafuu na zinaua haraka. Lakini sumu isiyo na jina ikimezwa, daktari hajui aanzie wapi. Usiiingize kwenye nyumba yenye mtoto.

Sasa tuje kwa sisimizi wenyewe. Wengi huuliza dawa ya sisimizi kana kwamba wote ni wamoja, na hapo ndipo fedha na muda hupotea. Siafu, wale wanaopita kwa msafara mzito wakiuma kila kilicho mbele, hawahamii ndani mwako. Wako mawindoni. Mtoe mtoto, fungulia kuku waliofungiwa bandani, uwaache wapite. Baada ya saa kadhaa wanaondoka, na mende wengi wanakuwa wameondoka nao. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa kiota, huingia ndani pale tu tawi linapogusa paa au dirisha. Kata tawi hilo na uwaache waliobaki mtini, kwa sababu wakulima wa minazi na mikorosho katika pwani yetu wanawategemea: wanawala wadudu wanaonyonya nazi changa na korosho. Mchwa si sisimizi kabisa, na dawa yao ni nyingine.

Wa kwako, kwa jinsi ulivyowaeleza, nadhani ni mmojawapo kati ya aina mbili. Ya kwanza huitwa sisimizi wa Farao, jina alilopewa na Carl Linnaeus mwaka 1758. Ana urefu wa milimita 2 hivi, mwili wote ni njano iliyofifia, na ncha ya tumbo imeingia weusi. Ya pili ina kichwa cheusi lakini tumbo na miguu ni myeupe kiasi kwamba akiwa juu ya kigae cheupe unaona kichwa tu kikitembea. Washa tochi ya simu usiku, umulike mstari wao kwa karibu. Ukibaki na shaka, mfikiche mmoja kati ya vidole, unuse: yule mwenye kichwa cheusi hutoa harufu ya nazi iliyochacha. Aina zote mbili hupenda joto na unyevu, na Dar es Salaam inawapa vyote viwili mwaka mzima. Masika na vuli zinapofika, viota vya nje hujaa maji, ndipo wanapohamia kwetu kwa wingi. Kwa hiyo uchafu si sababu ya wao kuja, na usikubali mtu akuambie hivyo. Wala hakuna aliyekutupia kitu. Mvua imewahamisha.

Mstari unaouona ukutani ni wa vibarua, tena ni sehemu ndogo tu ya vibarua wote. Waliobaki wako kiotani pamoja na mayai, mabuu na malkia wanaotaga. Sisimizi wa aina nyingine huwa na malkia mmoja, ukimpata yeye kazi imekwisha. Hawa wana malkia wengi katika kiota kimoja, na malkia wapya hupandwa humo humo bila kuruka nje. Usitafute kichuguu. Kiota chao kinaweza kuwa nyuma ya plasta iliyopasuka, ndani ya boksi la swichi kwenye joto la nyaya, chini ya kigae kilicholegea, hata katikati ya nguo zilizokunjwa na kusahauliwa kabatini. Kwa kuwa mstari wako unaanzia nyuma ya swichi, naamini kuna kiota ukutani hapo, au njia ya kwenda kwenye kiota cha chumba cha jirani.

Kibarua mmoja akipata punje ya sukari, anarudi nyumbani akigusisha tumbo chini na kuacha alama ya harufu. Wenzake wanaifuata, na kila anayerudi na chakula anaiongezea nguvu, mpaka inakuwa barabara. Chakula kikiisha hawaongezi tena, na harufu inafifia. Ndiyo maana sisimizi wanaonekana kutokea ghafla: ulipolala alikuwepo mmoja, ulipoamka njia ilikuwa tayari.

Jambo la pili la kujua kuhusu wao ndilo lenye faida kubwa zaidi kwako. Sisimizi mkubwa hamezi kitu kigumu. Kiuno chake ni chembamba mno, na mdomoni ana kichujio kinachozuia chembechembe zisipite. Anakunywa tu. Na anachokunywa hakibaki chote kwake, kwa sababu ana tumbo la pili, la kubebea chakula cha wenzake. Akifika kiotani anamtapikia mwenzake mdomoni, huyo anampa mwingine, na mwingine anamlisha malkia. Chakula kigumu kama vipande vya dagaa huburutwa mpaka kwa mabuu, ambao ndio wanaoweza kukisaga. Kwa hiyo ule ushauri wa kuwawekea unga mkavu wa sembe ili wavimbe matumbo na kupasuka, uache. Huo unga hawaumezi.

Sasa fikiria ulipowapiga dawa ya kopo. Waliokufa ni wale waliokuwa ukutani. Waliobaki ndani waliinusa hatari, na sisimizi wa aina hizi wanaposumbuliwa wana desturi ya kugawanyika: kundi la vibarua linabeba mayai na mabuu, linaondoka na malkia mmoja au wawili, linaanzisha kiota kipya mahali pengine. Kilichokuwa kiota kimoja jikoni sasa ni viwili au vitatu, kimoja kikiwa chumbani. Hivyo ndivyo walivyofika kwenye neti ya mtoto. Hukukosea kwa uvivu, mwanangu, ulifanya ambacho kila mtu anafanya. Lakini kuwapulizia hawa ni sawa na kukwangua ndago shambani ukaacha viazi vyake ardhini. Kopo hilo usiliguse tena kwa kazi hii.

Karafuu, mdalasini, siki na ndimu vinafanya kazi, ila si kazi uliyovipa. Harufu kali inafunika harufu ya njia yao, na siki au ndimu vikipanguswa vinaifuta njia yenyewe, kwa hiyo wanachanganyikiwa kwa saa kadhaa au siku moja, mpaka wapite kando na kutengeneza njia nyingine. Hakuna kiota kilichokufa kwa karafuu. Zitumie pale unapotaka kulinda kitu kimoja kidogo: karafuu chache ndani ya droo ya nguo za mtoto zinasaidia, mradi ziwe mahali ambapo hawezi kuzifikia akazimeza. Majivu na chumvi ni vizuizi tu, navyo vinahitaji ukavu. Kwenye hewa yetu ya baharini chumvi inalowa usiku mmoja, na majivu yakishika unyevu wanapita juu yake.

Katika vya nyumbani, kinachonifurahisha zaidi ni sabuni ya maji. Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya kuoshea vyombo kwenye nusu lita ya maji, ndani ya chupa ya kupulizia, kinawaua papo hapo, kwa kuwa sabuni inayafanya maji yaingie kwenye vitundu vya kupumulia ambavyo kwa kawaida havipitishi maji. Kinafuta na njia pia, na mtoto akishika sakafu hapo baadaye hakuna la kuogopa. Weka chupa hiyo karibu kwa dharura, kama wakiingia kwenye kitanda au juu ya chakula. Lakini nayo haifiki kwa malkia.

Kinachofika kwa malkia ni chambo. Unachohitaji ni unga wa boriki, au boraksi. Ulizia kwenye maduka makubwa ya dawa za binadamu, maduka ya pembejeo, au ya kemikali kule Kariakoo, na usikubali kupewa magadi soda au hamira badala yake, havifanyi kazi hii. Boriki inaharibu tumbo la sisimizi polepole, ndani ya siku kadhaa. Huo upole ndio siri yote. Akifa papo hapo amekufa na sumu yake tumboni. Akiishi siku mbili anakuwa ameshawalisha wengi.

Chukua kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, robo lita. Koroga vijiko 6 vya chai vya sukari mpaka iyeyuke, kisha nusu kijiko cha chai cha unga wa boriki, ukoroge mpaka maji yawe maangavu. Ikiwa umepata boraksi, tia robo tatu ya kijiko. Usizidishe. Najua kishawishi kilivyo, mtu anasema nikitia vijiko viwili wataisha haraka, lakini ukali ukizidi wanaonja na kuacha, au wanafia njiani. Kinachotakiwa hapa ni karibu asilimia 1 ya boriki, basi.

Kwa kuwa kuna mtoto, chambo hakikai wazi hata siku moja. Boriki ikimezwa na mtoto ni sumu, hata kama watu huiita dawa ya asili. Chukua kikopo cha majarini chenye mfuniko unaobana. Pasha moto ncha ya msumari mwembamba, utoboe vitundu viwili au vitatu upande, karibu na juu, vya kupita sisimizi tu. Ndani weka pamba iliyoloweshwa mchanganyiko huo, ilowe lakini isiogelee. Funga, zungushia gundi ya karatasi kwenye mfuniko, andika SUMU kwa kalamu nzito. Kisha kiweke mahali wanapopita na mtoto hafiki: juu ya kabati, nyuma ya friji ukiisukuma ukutani, au kwenye rafu ya juu karibu na swichi. Kisiwe ndani ya swichi, maji na umeme havikai pamoja. Mchanganyiko uliobaki uufunge vizuri, uandike jina lake, uuweke mbali na chakula. Usiutie kwenye chupa ya soda. Na vyombo ulivyopimia na kukorogea visirudi kwenye mapishi.

Usiku huo wa kwanza utaona mstari umenenepa, sisimizi wamejaa kwenye vitundu. Wengi hushtuka hapo wakachukua kopo la dawa na kuharibu kila kitu. Vumilia. Usiwapulizie, usiwapanguse kwenye njia ile inayokwenda kwenye chambo, na siki yako iache kabatini kwa sasa. Sehemu nyingine za jikoni ziwe safi na kavu, ili chakula chao kitamu kiwe kimoja tu. Kwa joto la Dar pamba inakauka na sukari inachacha, kwa hiyo badilisha kila baada ya siku 2 au 3. Ukiona wengi wao wamepungua baada ya wiki moja usiondoe kikopo. Mayai yaliyokuwepo bado yanaanguliwa, na sisimizi wa Farao wenye viota kadhaa wanaweza kuchukua wiki nyingi kwisha. Acha chambo mpaka upite muda mrefu bila kumwona hata mmoja, kisha kiache wiki mbili zaidi.

Itatokea wakati mwingine wakakipita kikopo bila kukijali. Maana yake wiki hiyo wanatafuta mafuta au protini, mara nyingi kwa sababu kuna mabuu wengi wa kulishwa. Wapime: kwenye kipande cha karatasi weka tone la maji ya sukari upande mmoja na punje ya dagaa wa kukaanga upande wa pili, uangalie baada ya nusu saa wamejaa wapi. Wakijaa kwenye dagaa, changanya kijiko kimoja cha chai cha siagi ya karanga na boriki ya ncha ya kisu, uiweke kwenye kikopo kingine kama kile. Wengine watabadilika tena baada ya siku chache. Weka vyote viwili na wachague wenyewe.

Wakati chambo kinafanya kazi, linda chakula na kitanda. Sukari, unga, maziwa ya mtoto na mkate viwe kwenye vyombo vya kufunga kwa kuzungusha. Ndoo ya taka itoke nje kabla ya kulala. Jiko la gesi liinue, uangalie chini yake, kwa sababu michirizi ya mafuta ya vitumbua na chapati hujificha pale. Bomba linalodondoka litengenezwe, maana kiangazi hawa huingia ndani kutafuta maji kuliko sukari. Neti ya mtoto ichomekwe chini ya godoro pande zote, kitanda kisiguse ukuta, na shuka lisiburute sakafuni.

Bibi zetu waliweka miguu ya kabati kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande, na mbinu hiyo bado inafaa sana, hata kwa miguu ya kitanda. Naomba tu uongeze tone la sabuni au mafuta ya kupikia kwenye maji hayo na uyabadilishe kila wiki. Maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba ndiyo yanayopendwa na mbu wa homa ya dengi, na jiji hili limeshaugua dengi vya kutosha, mwaka 2014 na tena 2019. Tukifukuza sisimizi tusifuge mbu.

Nyufa ziachwe kwanza. Ukiziba kabla kiota hakijafa, utawafungia ukutani watokee upande wa pili. Wakishakwisha, ndipo umwombe fundi azibe kwa saruji au silikoni pale bomba na nyaya zinapoingilia. Angalia na maua yako ya kwenye makopo na mdimu wa uani kama upo. Ukigeuza majani ukaona vijidudu vyeupe kama pamba au vya kijani vimejazana, vinatoa majimaji matamu ambayo sisimizi huyakamua na kuyalinda. Vioshe kwa ile sabuni ya maji, mara mbili tatu.

Sasa mama mkwe. Asemalo lina msingi. Waganga wa India ya kale waliona karne nyingi zilizopita kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa huvuta sisimizi, na wakauita ugonjwa huo mkojo wa asali. Kwa kawaida figo hurudisha sukari yote kwenye damu. Lakini sukari ya damu ikipanda na kufika karibu 10 kwa kipimo cha milimoli kwa lita, figo huzidiwa, nyingine ikamwagika kwenye mkojo, na hapo sisimizi wanaweza kuifuata kweli.

Lakini hicho si kipimo, na ubaya wake uko pande zote mbili. Sisimizi huja chooni kwa maji, kwa unyevu, kwa chumvi na virutubisho vingine vilivyomo kwenye mkojo wa mtu mzima wa afya, na kwenye choo cha wapangaji wengi hujui wanafuata mkojo wa nani. Kwa hiyo kuwaona si ushahidi wa ugonjwa. Upande wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi: kisukari hutambuliwa sukari ikifika 7 kabla ya kula asubuhi, ilhali mkojo hauanzi kuwa na sukari mpaka ifike karibu 10. Mtu anaweza kuumwa miaka bila sisimizi hata mmoja kumjali, akajiona yuko salama. Mume wako asiwasikilize sisimizi kwa lolote. Aende kituo cha afya asubuhi kabla hajala, atobolewe kidole, dakika chache anapata jibu. Nenda naye upimwe na wewe, na mama mkwe pia, kwani umri wake ndio unaohitaji kipimo hicho zaidi. Kama yupo mwenye kiu isiyoisha, anayeamka usiku mara kwa mara kukojoa, anayekonda bila sababu au kuchoka tu, msingoje wiki ipite.

Yapo mambo ambayo maelezo haya hayatoshi, yanahitaji mtu afike. Mtoto au mtu mzima akiumwa na sisimizi kisha akavimba midomo au uso, akapumua kwa shida au akaishiwa nguvu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Mtoto akimeza chambo, chaki au dawa yoyote, nenda naye pamoja na chombo chenyewe, ili daktari ajue ni nini. Na kama nyumbani kuna kichanga mwenye kitovu kibichi, mgonjwa wa kitandani au mtu mwenye kidonda, usisubiri wiki za chambo peke yake. Sisimizi wa Farao wamekutwa mahospitalini wakiingia kwenye bandeji na kubeba vijidudu vya magonjwa. Kidonda kifunikwe vizuri, na mtaalamu aitwe mapema.

Kwa nyumba yako naona jambo moja zaidi. Ikiwa ukuta wa swichi unapakana na chumba cha mpangaji mwingine, chambo chako kitapunguza tu, wa kwake watarudi. Zungumza na wapangaji wenzako, mpike mchanganyiko mmoja na kila chumba kiweke kikopo chake usiku ule ule. Kikombe kimoja cha dawa kinatosha nyumba nzima. Mwenye nyumba naye aelezwe, hasa kuhusu bomba na plasta. Mkivumilia miezi miwili na bado wapo, ndipo mchange fedha za kumwita mtu wa kudhibiti wadudu. Mwambieni awaonyeshe lebo ya anachotumia, yenye usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kisha muulizeni swali moja kabla hajafungua begi lake: sisimizi hawa utawapulizia au utawawekea chambo? Akisema atapuliza kuta zote leo na kesho mnarudi kulala, mshukuruni kwa kuja na mtafute mwingine.